Kimbunga hakipimwi kwa kuchungulia

Wapo watu, tena wasomi, ambao wakisikia kuwa zipo ndege ambazo kazi yake ni kuingia ndani ya kimbunga na kutoka, hutikisa vichwa na kuuliza maswali mawili. La kwanza: je, watu hao wana akili timamu? La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda hoja: si kuna setilaiti siku hizi? Swali hilo la pili nimelisikia katika vyumba vya walimu na nimelisikia kwa wanafunzi wa jiografia, na kila nilisikiapo huona haja ya kulijibu kwa kirefu. Ndani yake mna dhana potovu ambayo haihusu vimbunga peke yake, nayo ni kwamba aliyeitazama picha ya jambo amelijua jambo lenyewe. Wazee wetu wa mwambao waliikataa dhana hiyo zamani waliposema kwamba mchungulia bahari si msafiri.

Natuanze na mji wa Acapulco, katika pwani ya Pasifiki ya nchi ya Meksiko. Mnamo Oktoba 24, 2023, dhoruba iliyopewa jina Otis ilikuwa ikiujongelea mji huo. Makadirio yaliyotokana na picha za setilaiti, pamoja na hesabu za kompyuta, hayakuwa ya kumtoa mtu kitandani. Alasiri ya siku hiyo ndege ya Jeshi la Anga la Marekani iliingia ndani ya Otis na kukuta mambo mengine kabisa. Kilichodhaniwa kuwa kimbunga cha kadiri kilikuwa tayari kimbunga kikubwa, na kilikuwa kikizidi kupata nguvu kila saa. Tahadhari zikabadilishwa haraka. Usiku wa manane ulipopita kidogo Otis kiliupiga mji kikiwa cha daraja la tano, daraja la juu kabisa, na upepo wake ulikuwa wa takriban kilomita 260 kwa saa. Watu wapatao hamsini walipoteza maisha na mahoteli ya fahari yakabaki mifupa.

Atakayesema kwamba ndege ile haikuwaokoa watu wote wa Acapulco atakuwa amesema kweli. Saa chache hazitoshi kuuhamisha mji. Lakini na ajiulize zingekuwa saa ngapi pasingekuwa na ndege. Setilaiti ilikuwa pale angani mchana kutwa, imekodoa jicho lake juu ya kimbunga kilekile, na haikuuona ukweli uliokuwa chini ya mawingu.

Kisa na maana ni kwamba setilaiti huona kichwa cha wingu, ilhali upepo unaong'oa mapaa na kuisukuma bahari nchi kavu uko chini, kilomita kumi au kumi na tano chini ya kichwa hicho. Mtaalamu wa Kimarekani aliyeitwa Vernon Dvorak alibuni katika miaka ya 1970 njia ya kukisia nguvu ya kimbunga kwa kuliangalia umbo la mawingu yake, na njia hiyo imeusaidia ulimwengu mno. Siidharau hata chembe. Hata hivyo inabaki kuwa makisio. Ni sawa na daktari anayemtazama mgonjwa wa malaria kupitia dirishani: huenda akabahatisha kwa sababu amewaona wagonjwa wengi, lakini bado damu haijatiwa chini ya darubini.

Hiki ninachokiita kimbunga, wanafunzi watakikuta katika vitabu kwa majina mengi. Katika Atlantiki huitwa harikeni, magharibi mwa Pasifiki huitwa taifuni, na katika Bahari yetu ya Hindi huitwa saikloni. Ni mnyama mmoja. Tofauti ni kwamba kaskazini ya ikweta huzunguka kinyume na mishale ya saa, na kusini huzunguka kuifuata.

Kazi ya kumwingia mnyama huyu haikuanzishwa na kamati wala na bajeti. Ilianzishwa na majivuno. Julai 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kanali Joseph Duckworth alikuwa katika uwanja wa kijeshi wa Bryan, jimboni Texas, akiwafunza marubani kurusha ndege kwa kutegemea ala zilizo mbele yao pekee, pasipo kutazama nje. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Waingereza waliokwisha kuonja vita, nao walizibeza ndege ndogo za mafunzo aina ya AT-6 walizopewa. Asubuhi ya Julai 27 habari zilifika kwamba kimbunga kinaikaribia Galveston na kwamba huenda ndege hizo zikahamishwa zisiharibiwe. Kejeli zikapamba moto. Duckworth akaweka dau: ataitia ndege hiyohiyo ndani ya kimbunga na kurudi nayo. Akamchukua Luteni Ralph O'Hair awe mwongoza njia, wakaingia kwa ndege ya injini moja, wakafika jichoni, wakatoka. Waliporudi, afisa wa hali ya hewa wa kituo, Luteni William Jones-Burdick, alilalamika kwamba ameachwa nyuma. Kanali akampakia naye, akaingia mara ya pili siku ileile. Ruhusa ya wakubwa wake hakuwa ameiomba.

(Mwalimu wa zamu anayekisimulia kisa hiki bwenini na afanye hivyo kwa tahadhari.)

Kuna upande wa pili wa siku hiyo ambao husimuliwa mara chache. Kwa kuwa nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikivizia katika Ghuba ya Meksiko, serikali ya Marekani ilizibana habari za hali ya hewa zisitangazwe redioni ovyo. Kimbunga kile kikawafikia wakazi wa Texas wengi wao wakiwa hawana habari ya kutosha, na watu 19 walikufa. Ilikuwa siku ambayo binadamu alijifunza kukijua kimbunga kutoka ndani, na wakati huohuo akawanyima wenzake ujuzi hafifu uliokuwapo. Galveston yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa kutojua: mnamo Septemba 1900 kimbunga kiliufunika mji huo kwa maji ya bahari na kuua watu wapatao elfu nane.

Sasa msomaji atauliza, ndege inawezaje kuingia katika upepo unaobomoa nyumba za mawe isivunjike? Jibu ni rahisi kuliko linavyodhaniwa. Nyumba imesimama na upepo unaipiga, lakini ndege haikusimama. Imo ndani ya hewa na huchukuliwa nayo, kama mtumbwi unavyochukuliwa na maji ya mto. Mto ukienda kasi hauuvunji mtumbwi maadamu maji yanakwenda sawasawa. Kinachouvunja ni maporomoko na mikondo inayogongana. Kadhalika ndani ya kimbunga hatari haimo katika kasi ya upepo wa kwenda mbele, bali katika hewa inayopaa ghafla na hewa inayoporomoka ghafla, moja karibu na nyingine. Hayo hupatikana zaidi katika ukuta wa jicho, yaani pete ya mawingu mazito inayolizunguka jicho. Rubani huielekeza pua ya ndege kando kidogo ili upepo usimpotoshe, hupunguza mwendo usiwe mkubwa wala mdogo, kisha huvumilia. Dakika kadhaa za kutupwa huku na huko, mvua ikilipiga bati mfano wa changarawe, halafu ghafla kimya: jua, anga ya samawati, na kuta za mawingu zilizopanda pande zote kama viti vya uwanja wa mpira.

Kazi hii leo hufanywa hasa na vikosi viwili. Cha kwanza ni Kikosi cha 53 cha Jeshi la Anga la Akiba la Marekani, kilichoko Keesler, jimboni Mississippi, chenye ndege kumi aina ya WC-130J. Ndani ya kila moja kwa kawaida huwamo watu watano tu: marubani wawili, mwongoza njia, afisa wa hali ya hewa na mwenye kudondosha vyombo vya kupimia. Wengi wao ni askari wa akiba, watu wenye kazi nyingine siku za kawaida. Kikosi cha pili si cha vita. Ni cha idara ya serikali inayosimamia masuala ya bahari na angahewa, NOAA, nacho kina ndege mbili za rafadha nne aina ya WP-3D zilizoundwa katikati ya miaka ya 1970, na jeti moja inayoruka juu sana kuizunguka dhoruba. Hizo mbili zimepewa majina ya vikaragosi vya televisheni, Kermit na Miss Piggy, na sijui kama kuna vyombo vingine vya sayansi duniani vyenye majina ya kuchekesha namna hiyo na kazi ya kutisha namna hiyo.

Ndege hizi hulikata jicho kwa njia ya msalaba, hutoka upande wa pili, hugeuka na kurudi, kwa muda wa saa nane, kumi, au zaidi. Njiani hudondosha mirija ya kupimia inayoitwa dropusondi. Kila mmoja una mwavuli mdogo na uzito wake haufiki nusu kilo. Unapoteremka hupima shinikizo la hewa, joto, unyevu, na mwelekeo na kasi ya upepo, ukituma habari hizo kwa redio hadi unapotumbukia baharini na kupotea. Maisha yake ni dakika chache. Nakiri kwamba mrija huo hujua mahali ulipo kwa msaada wa setilaiti, kwa hivyo sitaki nieleweke kuwa ninapiga vita setilaiti. Lakini tarakimu zinazopatikana hivyo ndizo zinazolishwa katika kompyuta za utabiri, na kompyuta haina miujiza: iliyolishwa makisio hutoa makisio.

Naomba nikae kidogo kwenye safari moja, maana inayathibitisha haya yote kwa njia ya kutisha. Septemba 15, 1989, ndege ile iitwayo Kermit ilikuwa mashariki mwa kisiwa cha Barbados, ikielekea katika kimbunga Hugo ikiwa na watu 16. Hakuna ndege iliyokuwa imetangulia kuingia humo. Makadirio waliyokuwa nayo yalikuwa ya kimbunga hafifu kuliko hicho walichokikuta, na kwa kuyaamini waliingia chini sana, futi 1,500 tu juu ya bahari. Walipofika katika ukuta wa jicho walitambua kwamba wameingia katika kimbunga cha daraja la tano. Ndege ilirushwa juu na kubwagwa chini mara kadhaa kwa nguvu ambazo haikuundwa kuzihimili. Vyombo vilivyofungwa viling'oka. Injini mojawapo ya upande wa kulia ikashika moto. Marubani walipofanikiwa kuidhibiti ndege na kuizima injini hiyo, walikuwa chini ya futi 1,000 juu ya mawimbi, ndani ya jicho, wamezingirwa na ukuta uleule uliokaribia kuwaua.

Walifanya nini? Walizunguka. Walizunguka ndani ya jicho kwa injini tatu, wakimwaga mafuta ili ndege iwe nyepesi, wakipanda polepole kama mwewe. Ndege ya Jeshi la Anga iliyokuwa karibu ikaja, na marubani wake wakaupita ukuta ule kwa ajili ya wenzao, wakitafuta upande ulio laini. Wakaupata upande wa kaskazini-mashariki, wakawaambia, na Kermit ikatokea hapo na kutua Barbados na watu wake wote 16 wakiwa hai. Ndege hiyo ilikaguliwa, ikatengenezwa, na miaka zaidi ya 30 baadaye ilikuwa bado ikiingia vimbungani. Ndipo mnamo 2024 NOAA ilipoagiza ndege mpya mbili za kuzirithi hizo kuukuu, zinazotarajiwa mnamo 2030.

Tazama basi mahali kosa lilipokuwa. Halikuwa katika ushupavu wa marubani. Lilikuwa katika makadirio yaliyopatikana kwa kutazama kutoka mbali. Waliokwenda kupima walinusurika kufa kwa sababu ya kuwaamini waliokuwa hawajapima.

Wengine hawakunusurika. Septemba 26, 1955, ndege ya Jeshi la Majini la Marekani iliingia katika kimbunga Janet kwenye bahari ya Karibi ikiwa na wanajeshi tisa na waandishi wawili wa habari kutoka Kanada. Ujumbe wa mwisho ulisema inaanza kuingia. Haikuonekana tena, wala hakuna kilichopatikana. Kwa jumla ndege sita zimepotea tangu kazi hii ianze, nyingi kati ya hizo katika taifuni za Pasifiki, pamoja na watu 53. Ya mwisho ilipotea mwaka 1974. Tangu hapo, kwa miaka zaidi ya hamsini, hakuna hata moja.

Je, roho 53 ni bei halali? Swali hili si la mtu aliyeketi mezani kulijibu kwa wepesi, na mimi sitajifanya ninaweza kupima roho kwa mizani. Ninachoweza kusema ni kwamba walioingia waliingia kwa hiari, wakijua wanachokitafuta, na walichokileta hawakukifungia sandukuni. Kilitangazwa kwa kila mtu, kwa mvuvi wa Haiti asiyejua kwamba ndege hizo zipo na kwa tajiri wa Florida sawasawa. Sijui kazi nyingi za kijeshi zinazoweza kusemwa hivyo.

Wapo pia waliofanya kazi hiyo maisha yao yote na kufa vitandani. Mmojawapo ni mwanasayansi Peter Dodge, mtaalamu wa rada, aliyefariki mwaka 2023. Oktoba 8, 2024, wenzake walipoingia katika kimbunga Milton walikwenda na majivu yake na kuyadondosha jichoni. Katika taarifa ya kawaida ya vipimo, ile inayopelekwa kwa watabiri, waliandika jina lake na kwamba hilo lilikuwa jicho lake la 387.

Ingekuwa hadaa kuisifu kazi hii pasipo kutaja aibu yake. Wanadamu walipogundua kwamba wanaweza kuingia kimbungani walitamani papo hapo kukiamuru. Oktoba 1947 ndege za Marekani zilimwaga barafu ya gesi ya kaboni katika kimbunga kilichokuwa kikielekea baharini; nacho kikageuka na kuipiga Savannah, jimboni Georgia. Lawama zilikuwa kubwa, ingawa baadaye ilionekana kwamba kilikuwa kimekwisha kuanza kugeuka chenyewe. Halikuwa somo la kutosha. Kuanzia 1962 hadi 1983 kulikuwa na mradi mzima ulioitwa Stormfury wa kunyunyizia mawingu ya vimbunga chembechembe za madini ya fedha ili kuvipunguzia nguvu. Agosti 1969 kimbunga Debbie kilinyunyiziwa siku mbili na upepo wake ukapungua, mara ya kwanza kwa asilimia 31, na watu wakashangilia. Baadaye ndege zilezile, zikipima vimbunga ambavyo havikuguswa na mtu, ziligundua kwamba kimbunga hujenga ukuta mpya wa jicho na kuubomoa wa zamani chenyewe, na upepo hupungua kwa muda, kisha hurudi. Shangwe ikafa. Nauona mwisho huo kuwa heshima kwa wahusika: walipima hadi wakajikosoa wenyewe, na mradi wao wenyewe wakauzika.

Mradi huo uliwahi kuongozwa na mwanamke, Joanne Simpson. Mwaka 1949 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata shahada ya uzamifu katika elimu ya hali ya hewa, katika Chuo Kikuu cha Chicago, baada ya kuambiwa na wakubwa wake kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuipata na kwamba hakuna atakayemwajiri hata akiipata. Agosti 2018 marubani wawili wanawake, Kristie Twining na Rebecca Waddington, waliirusha pamoja jeti ya NOAA kukipima kimbunga Hector, na ilikuwa mara ya kwanza ndege ya kazi hiyo kuwa na marubani wanawake watupu. Walimu wa shule za wasichana wanaotafuta mifano katika somo la fizikia wasisumbuke mbali.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoiheshimu, nayo ni ya vyombo visivyo na rubani. Vipo, na vinafanya kazi. Septemba 2021 mashua isiyo na nahodha iliingia katika kimbunga Sam na kuleta picha za mawimbi zilizoshangaza dunia. Septemba 2022 ndege ndogo isiyo na rubani iliachiliwa ndani ya kimbunga Ian na kuruka chini mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angekwenda. Huenda siku moja vyombo hivyo vikaichukua kazi yote, na heri iwe hivyo. Ila ikumbukwe kwamba ndege ile ndogo haikuruka kutoka ofisini. Ilibebwa hadi jichoni na mojawapo ya zile ndege za NOAA, na watu wakiwa ndani yake.

Oktoba 28, 2025 kimbunga Melissa kiliipiga Jamaica, shinikizo la hewa katikati yake likiwa limeshuka hadi millibari 892. Mpaka karibu na dakika ya mwisho ndege zilikuwa zikiingia na kutoka, na baadhi yake zililazimika kukatiza safari kwa jinsi zilivyotikiswa. Dropusondi moja ilinasa mvumo wa upepo wa takriban kilomita 405 kwa saa, juu kidogo ya bahari. Mapema mwaka huohuo serikali ya Marekani ilikuwa imewaachisha kazi mamia ya watumishi wa idara ileile ya NOAA kwa jina la kubana matumizi. Sina haki ya kuwapangia Wamarekani bajeti yao. Lakini Jamaica haina hata ndege moja ya aina hii. Ilijua kinachokuja kwa sababu jirani yake alikwenda kuangalia, na jirani anaweza kuchoka.

Jamaica ina jirani. Sisi je?

Mwanafunzi wa Mombasa atasema kwamba Kenya iko karibu mno na ikweta, na kwamba vimbunga huhitaji msokoto wa dunia ambao karibu na ikweta haupo. Amejibu vyema na apewe alama zake. Ila bahari haina mpaka wa kitaifa. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikaziangamiza merikebu za Sultani Barghash bandarini na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kingine kilishuka Lindi. Machi 2019 Idai kiliufunika mji wa Beira na kuua watu zaidi ya elfu moja katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, na mwezi uliofuata Kenneth kikapita Komoro na kuingia Cabo Delgado, ambako Kiswahili pia huzungumzwa. Mei 2024, Kenya ikiwa tayari imezama katika mafuriko, kimbunga kilichoitwa, kwa kinaya kikubwa, Hidaya, kilikaribia kisiwa cha Mafia. Vivuko vya Zanzibar vilisimamishwa, na wavuvi wa pwani yetu wakaonywa wasiingie baharini.

Katika vimbunga hivyo vya karne hii hakukuwa na kikosi cha ndege cha kwenda kupima. Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi haina kikosi kama hicho. Watabiri wa kituo cha kimataifa kilichoko katika kisiwa cha Réunion, na wenzao wa Nairobi, Dar es Salaam na Maputo, hutegemea zaidi picha kutoka juu na ile njia ya Dvorak ya kusoma umbo la wingu. Ni watu hodari, na mara nyingi hupatia. Sidai kwamba ndege ingewaokoa watu wa Beira, kwa maana huko mwelekeo wa kimbunga ulijulikana mapema, na kilichokosekana kilikuwa barabara, mahali pa kukimbilia na redio zenye kufika vijijini. Hayo ni makosa ya nchi kavu. Ninachodai ni kwamba Otis mwingine akitokea kati ya Mtwara na Komoro, akikua usiku mmoja, hatutakuwa hata na zile saa chache walizokuwa nazo watu wa Acapulco.

Nitaambiwa kwamba gharama ni kubwa kwa nchi maskini. Kwa ndege kama Kermit, nakubali. Lakini Taiwan ilianza mwaka 2003 na jeti ndogo ambayo haiingii jichoni wala haiugusi ukuta. Huizunguka taifuni kwa juu sana, ikidondosha mirija ileile, na utabiri wa njia ya taifuni ukanufaika. Japani ikafuata baadaye kwa mtindo huohuo. Msimu wetu wa vimbunga ni wa miezi michache, tangu Novemba hadi Mei mapema. Jeti moja ya kukodi, ikigharimiwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania, Msumbiji, Komoro, Madagaska, Morisi na Ufaransa yenye Réunion, ikakaa Moroni au Mombasa kwa miezi hiyo, si ndoto ya mwendawazimu. Marubani tunao, na kila mwaka Chuo Kikuu cha Nairobi huhitimisha vijana wa elimu ya hali ya hewa ambao wengine huishia kuuza bima.

Nchi hizo tayari hukaa pamoja katika kamati ya vimbunga ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ileile ambayo hupanga majina kama Idai na Hidaya. Kenya ina kiti humo. Ningependa katika kikao kijacho mjumbe wetu asimame na kuiomba ndege hiyo, hata kama jibu la mwaka wa kwanza litakuwa kicheko.